Mkonga, Hilux au Land Rover: pikapu kuukuu ya milimani hupimwa kwenye mteremko

Dalali akikuonyesha pikapu kuukuu, maneno yake yote huelekea juu. "Hili linapanda ukuta, bosi wangu. Lilikuwa la mradi hili, halijui kukwama." Utakaribishwa kiti cha mbele, utazungushwa kwenye kijilima cha nyuma ya gereji, utashuka umeridhika. Mimi nashusha viazi na kabichi kutoka Shume hadi Lushoto, milimani Usambara, na soko likiwa zuri hadi Mombo, huu mwaka wa tisa. Magari niliyoyaona yakishindwa kupanda yalisimama tu: watu wakashuka, wakasukuma, wakataniana, wakapanda tena. Yale yaliyoishia korongoni yalikuwa yanashuka.

Ndiyo maana ulinganisho huu nauanzia upande ambao dalali hakupeleki. Magari ni matatu. La kwanza ni Toyota Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, yaani HZJ75 ya miaka ya 1990 na HZJ79 iliyoifuata mwaka 1999. Huku tunaiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. La pili ni Toyota Hilux ya dizeli: LN106 ya kati ya 1988 na 1997, na Vigo iliyozinduliwa Thailand mwaka 2004. La tatu ni Land Rover Defender 110, hasa yenye injini ya 300Tdi. Nissan Patrol na Mitsubishi L200 nimeziacha makusudi. Si mbaya, ila fundi wa kwetu akifungua boneti ya mojawapo, kitu cha kwanza anachotoa mfukoni ni simu ya kuulizia spea Dar.

Nani anaushika mlima

Kwenye mteremko mrefu wenye mzigo, breki ya mguu ni ya akiba. Kazi inafanywa na injini, ukiwa gia ya chini, mguu umeutoa kwenye mafuta. Hapo mkonga hauna mpinzani wa karibu. 1HZ ni injini ya sentimita za ujazo 4,164, silinda 6, haina taabo wala kompyuta, na ukiiachia mafuta inalikamata gari kama mtu aliyemshika mbuzi mkia. Kwenye lo (zile gia nzito za fowili) namba moja, na mzigo wa tani moja nyuma, unaweza kushuka kipande kirefu mguu wa kulia ukiwa sakafuni.

Hilux haina ukubwa huo wa injini. 3L ya LN106 ni 2,779, na Vigo nyingi tunazoziona ni za 2,494. Gari likiwa tupu au nusu mzigo hutaona tofauti. Ukilijaza lumbesa utaona: injini inaanza kulia juu, gari linazidi kuongeza mwendo, na mguu unarudi kwenye breki kila baada ya kona. Si kwamba haifai. Inataka dereva aanze kushuka gia moja chini ya ile aliyoizoea, na aanze kabla ya mteremko, si katikati.

Land Rover ina ujanja wake. Injini ni ndogo kama ya Vigo, 2,495, lakini transifa yake, ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, kwenye lo inazungusha 3.32 kwa 1, wakati ya HZJ79 ni 2.488. Kidogo cha injini kinazidishwa sana. Jambo kubwa zaidi ni kwamba Defender inavuta kwa matairi yote manne saa zote, hata juu ya lami. Ukiachia mafuta, nguvu ya kushika inagawanyika mbele na nyuma. Toyota hizi mbili, usipoingiza fowili, zinashika kwa matairi ya nyuma peke yake, na gari likiinamia mteremko uzito mwingi umehamia mbele. Nyuma panakuwa pepesi. Kwenye udongo mwekundu wa Usambara uliolowa masika, tairi jepesi linaloshikwa na injini huteleza, na mkia wa gari unataka kutangulia. Kwa hiyo mwenye Toyota aingize fowili juu kabisa, gari likiwa limesimama, afunge na zile loki za habu zinazounganisha magurudumu ya mbele na shafti, kama ni za mkono. Nimeona mtu anakumbuka loki za habu akiwa tayari pembezoni mwa barabara, utingo anateremka kwenda kuzizungusha kwa mikono inayotetemeka.

Kwenye lami kavu ni kinyume. Toka Soni kwenda Mombo usiache fowili ya Toyota imeingia, wala loki ya difu ya katikati ya Land Rover, ile inayofunga mbele na nyuma pamoja, kwa sababu kwenye kona matairi ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa, na kitakachobeba ule mvutano ni propela na gia zako.

Sasa jaribio ambalo ningelifanya hata kama muuzaji ananung'unika. Tafuta mteremko wa kweli, weka lo namba moja, halafu namba mbili, kisha rudi hai (gia za kawaida) namba mbili, kila mara uachie mafuta kabisa na mkono usishike gia. Giaboksi au transifa iliyochoka hairuki ikipanda; inaruka ikishuka, pale injini inaposhikilia gari. Ukisikia "tak" na kirungu kimerudi nyutro chenyewe, umejua bei ya kweli ya gari hilo. Muuzaji wa Hilux moja pale Korogwe aliniambia, "Hiyo unaishikilia tu na goti, kaka, utazoea." Nilimshukuru, nikapanda basi.

Kuna mambo mawili ya breki ambayo hayazungumzwi sana sokoni. Hendibreki ya Defender haiko kwenye magurudumu. Ni ngoma moja iliyofungwa nyuma ya transifa, inashika propela. Inashika vizuri mno, mpaka unapopiga jeki gurudumu moja la nyuma kwenye mwinuko: difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke, na gari linaondoka huku hendibreki imevutwa. Funga loki ya difu ya katikati kwanza, na weka kigingi hata hivyo.

La pili nimelilipia mwenyewe. Gari langu la kwanza lilikuwa LN106. Fundi mmoja aliniinulia nyuma kwa kufunga shakeli ndefu za springi, lionekane la kiume, lisiguse mawe. Wiki iliyofuata, nikishuka toka Magamba na gunia 8, nikaanza kusikia harufu kama ya pasi iliyounguza shati. Matairi ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Ya nyuma ukiigusa ngoma yake ni baridi kama maji ya mtungi. Nililitambaza hadi mjini, nikalipeleka kwa mzee mmoja anayetengenezea chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia akiwa tayari amelala mgongo chini ya gari.

"Mwanangu, aliyekuinulia gari hii fimbo hakuigusa."

Kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye valvu iliyo kwenye chesisi. Mzigo ukilalia springi, bodi inashuka, fimbo inasukumwa, valvu inaruhusu breki nyingi kwenda nyuma. Gari likiinuliwa bila kuirekebisha fimbo, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Inazinyima breki za nyuma. Mzee alitengeneza kipande cha bati chenye matundu mawili, akakifunga kwenye ekseli kuiinua fimbo kwa kipimo kilekile gari lilichoinuliwa. Kazi ya nusu saa. Tangu siku hiyo nikikagua Hilux au mkonga ulioinuliwa, naingia chini kuitafuta fimbo hiyo kabla ya kutazama kitu kingine. Wengine wameikata kabisa.

Ekseli: kitu kinachokatika na kinachofuata

Nyuma, mkonga na Defender zina ekseli ambayo shafti yake inazungusha tu. Uzito wa gari umebebwa na habu yenyewe. Shafti ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake, na unaweza kuichomoa shafti, ukaziba, ukatembea kwa ekseli ya mbele hadi nyumbani. Hilux shafti inazungusha na kubeba uzito kwa pamoja. Ikikatika, gurudumu linaweza kuondoka nayo. Ndiyo maana Hilux iliyozoea kubeba tani moja na nusu sitaki hata kuiendesha. Itazame springi za nyuma: ukiona zimeongezwa mpaka gari tupu limenyanyua makalio kama bata, hiyo ilibebeshwa.

Mbele hadithi ni tofauti. Mkonga, LN106 na Defender zote zina ekseli nzima, bomba moja toka gurudumu hadi gurudumu. Jiwe likiinua tairi la kushoto, la kulia linakandamizwa chini. Ni ngumu, inatingisha mgongo, na inavumilia. Vigo ina magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja na mikono yake na shafti yenye buti za mpira. Barabarani ni raha kweli. Mke wangu akipanda mkonga baada ya Vigo ya kaka yake husema amerudishwa kwenye mkokoteni. Lakini buti ikitobolewa na kijiti, matope yanaingia kwenye joint, na ndani ya msimu mmoja utasikia "ka-ka-ka" kila unapokata kona. Ukikagua Vigo, kata usukani mpaka mwisho, chuchumaa, tazama buti zote nne. Grisi iliyotapikwa kwenye ringi ni jibu.

Kwenye ekseli nzima kuna tundu jingine la pesa: ule mpira mkubwa wa chuma nyuma ya gurudumu la mbele, ambao habu inageukia. Ufute kwa kitambaa. Ukikuta grisi nzito ya kawaida, sawa. Ukikuta uji mwembamba wa grisi iliyochanganyika na oili, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inahamia huko. Kwa Land Rover pitisha na kucha: chuma kikiwa na vidondavidonda vya kutu, sili mpya itakatwa ndani ya miezi michache. Hakuna kati ya haya linaloua gari, yote yanatengenezeka, ila unapojadili bei uwe unajua kila moja ni siku nzima ya fundi.

Chesisi ndipo Land Rover inapopoteza alama. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati, na hilo linawadanganya watu, kwa sababu chesisi iliyo chini yake ni ya chuma cha kawaida, nayo inaoza kimyakimya huku mlango unang'aa. Zilizokaa pwani, na zile zilizoletwa kutoka Uingereza ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, ndizo za kuogopa. Mimi hutembea na nyundo ndogo ya fundi viatu. Unagonga chesisi kuanzia mbele kurudi nyuma, hasa ule mhimili wa mwisho chini ya mlango wa nyuma na vile vikono vinavyobeba bodi pembeni. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinasema "pu". Tanga niligonga One Ten moja iliyopakwa lami nyeusi chini, nzuri mno kwa macho. Kwenye mhimili wa nyuma nyundo ikaingia ndani hadi mpini, ikatoka na unga mwekundu. Mwenye gari akanitazama, nikamtazama. Tukazungumzia mvua.

Injini, kwa kifupi kuliko mnavyotarajia

Watu hutumia nusu ya muda wao hapa, na kwa kweli zote zinafaa zikiwa nzima. Fika asubuhi, na uombe gari lisiwashwe kabla yako. Gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna mtu aliamka mapema kuficha kitu. Iwashe, iache ipate joto, kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inatembea: mvuke mwepesi si hoja, lakini kama inapumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinarukaruka, ringi za pistoni zimeisha.

1HZ ni mvumilivu, ila haina taabo, na kadiri unavyopanda hewa inavyopungua nayo inalegea, karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Shume, karibu mita 2,000 juu ya bahari, utaiona inatoa moshi mweusi na kupanda kama mzee mwenye busara. Ukienda Kitulo, kwenye mita 2,600, ni zaidi. Wapo wanaoifunga taabo ili kuiongezea nguvu. Injini hii haikuundwa kwa ajili hiyo, na silinda hedi hupasuka. Nikikuta 1HZ yenye taabo ya kufungiwa mtaani, naiacha. Na inakunywa: langu kwenye milima na mzigo linakwenda kilomita 6 kwa lita, nikiwa mpole.

3L ya Hilux ya zamani ina tabia hizohizo kwa mwili mdogo. Haina haraka. Vigo ya D4D ndiyo yenye nguvu na ulaji mzuri wa mafuta, lakini ni ya kisasa kiasi cha kuchagua chakula: dizeli ya dumu iliyokaa nyuma ya duka na maji kidogo chini yake inatosha kuharibu nozeli za bei kali. Ile ya lita 3, 1KD, ina maradhi yanayojulikana: vikalio vya nozeli vikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba kichujio kilicho ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini), na injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Kabla ya kuinunua, fungua sampu. Muuzaji akikataa, jibu umepata.

300Tdi ina taabo, kwa hiyo mwinuko hauisumbui sana, na haina kompyuta. Udhaifu wake ni joto. Silinda hedi ni ya aluminiamu. Ikichemka mara moja vibaya inapinda. Td5 iliyokuja 1998 ina nguvu zaidi na mnyororo badala ya mkanda, lakini ina kompyuta chini ya kiti, na oili hupanda kwa ndani ya nyaya za nozeli mpaka ikaifikia. Chomoa plagi yake nyekundu. Ukikuta imelowa oili, waya wa ndani ya injini unahitaji kubadilishwa, na gari limeanza au litaanza kukohoa.

1HZ, 3L, 1KD na 300Tdi zote zina mkanda wa taimingi. Usiulize ulibadilishwa lini. Badilisha.

Makaratasi na wapi pa kununulia

Mikonga mingi mizuri inatoka kwenye minada: namba za serikali, na zile za DFP zilizokuwa za miradi ya wafadhili. Faida ni kwamba yalifanyiwa sevisi kwa ratiba. Hasara ni kwamba baadhi ya madereva waliyaendesha kama mali isiyo na mwenyewe, na siku ya mnada huruhusiwi kulipeleka kwenye mteremko. Unakagua likiwa limesimama. Hapo nyundo, kitambaa na macho ndiyo tu ulivyonavyo, kwa hiyo bei utakayoitaja ibebe hatari hiyo.

Kwa mtu binafsi, soma namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe, ilingane na kadi, herufi kwa herufi; ile ya Toyota iko kwenye chesisi upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Tazama kama kuna alama za gurudumu la kusagia. Tazama kwa namba ya gari kama kuna faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA, maana wewe ndiye utakayesimamishwa nayo. Umiliki ubadilishwe TRA kabla ya pesa ya mwisho kutoka. Wasomaji wa Kenya mna ukuta wenu: gari lililozidi miaka 8 haliingii kutoka nje, kwa hiyo HZJ75, LN106 au 300Tdi utaipata tu kati ya zilizomo nchini, na bei zake zinalijua hilo.

Kuliandaa

Ukiwa na milioni 3, gari liwe la milioni 2. Kiwango kipandishe au kishushe upendavyo, ila theluthi moja ibaki mfukoni. Anayemaliza pesa zote kwa muuzaji ananunua matatizo ya mwenzake kwa bei kamili.

Anza na breki, kabla ya tairi, kabla ya rangi. Mipira ya breki yote mipya, sili za silinda, na mafuta ya breki yamwagwe yote. Yale ya zamani yamenyonya unyevu, na yakipata moto kwenye mteremko yanachemka, pedali inashuka hadi chini bila kukamata kitu. Kwenye mkonga na LN106 kagua na kijipampu cha vakyumu kilicho nyuma ya alteneta pamoja na mpira wake. Ndicho kinacholainisha pedali ya breki. Ndiyo pia sababu ya kutopiga free na kuzima injini ukishuka kama wanavyofanya wale wanaookoa mafuta ya mia tano.

Halafu tairi. Mkonga na Land Rover huvaa 7.50R16, nyembamba na ndefu, na kwa matope yetu sijaona bora: pana huelea juu ya utelezi, nyembamba huukata hadi kwenye ardhi ngumu. Chukua za kashata, mpya au karibu na mpya, zote nne za aina moja, na ya akiba isiwe kipara. Ringi za kufungua zenye tyubu zina uzuri wake, kijiji chochote chenye jeki na vyuma viwili kinaziba pancha, lakini ule mduara wa kufungia ukiruka wakati wa kujaza upepo unaua mtu. Uzungushie mnyororo, na asisimame yeyote mbele yake. Hilux yenye tairi zisizo na tyubu unaiziba kwa utambi hapohapo barabarani bila kuitoa.

Upepo wa tairi hauongelewi inavyostahili. Kwenye utelezi, gari likiwa na mzigo mdogo, nashusha hadi psi 20 hivi. Tairi linalala, linashika. Kwenye mawe na mzigo mzito sishushi, kwa sababu ubavu ndio unaopasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inalipa gharama yake mwezi wa kwanza.

Springi: rudisha za kiwandani zikiwa mpya, na shokapu nne. Acha kuongezaongeza. Springi ngumu kupita kiasi, gari likiwa tupu, hurusha matairi ya nyuma kwenye makorongo, na tairi lililo hewani halifungi breki.

Kisha kitu cha bei ya soda kinachosahaulika: vipumulio vya difu. Difu ikipata moto halafu ukaiingiza kwenye kijito cha maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kunyonya maji kupitia sili. Unganisha mpira mwembamba toka kwenye kipumulio hadi ndani ya boneti. Mkonga wa pembeni mwa kioo nao uwe umefungwa kweli hadi kwenye ekleana. Nimekuta ya urembo tupu, imebandikwa kwa skurubu kwenye bodi, ndani hakuna tundu.

Bampa kubwa za chuma, taa 6 juu ya paa, kerieli ya kubebea ndizi na ndoo: acha. Kila kilo unayoipandisha juu inalisogeza gari karibu na kupinduka siku barabara itakapoinama upande mmoja. Winchi ni nzuri kwa anayetembea peke yake mbali na watu. Usambara kila kona ina watu. Kamba imara, chepe, panga na jeki ndefu vinatosha, pamoja na noti chache ndogondogo za vijana watakaosukuma.

Basi lipi

Kama kazi yako ni mzigo, tani moja, mara tatu kwa wiki, mvua na jua, tafuta mkonga, na HZJ75 yenye chesisi nzima inanitosha kuliko HZJ79 iliyochezewa. HZJ75 ina springi za kulala mbele na nyuma, inakutingisha. HZJ79 ilipewa koili mbele na inakwenda kwa adabu zaidi. Bei ndiyo maumivu. Nilipokuwa natafuta, pesa ya HZJ79 moja iliyosimama vizuri ingeninunulia LN106 mbili.

Kama ni shamba lako mwenyewe, familia, mifuko michache ya mbolea na safari za mjini, LN106 ndiyo inayokupa mlima mwingi kwa pesa kidogo, na spea zake ziko hadi kwenye maduka ya vijijini. Vigo ni ya mwenye kukaa zaidi kwenye lami, anayepanda mlimani mwisho wa wiki, na aliye na kituo cha mafuta anachokiamini. Uchukue ya 2.5.

Land Rover ningeishauri kwa mtu mmoja tu: yule ambaye fundi wa Land Rover ni jirani yake. Si anayesema anajua, yule ambaye uani kwake kuna mbili tatu zimefunguliwa na watu wanatoka mbali kumfuata. Ukiwa naye, hakuna kati ya haya linaloshuka mteremko wenye utelezi kwa utulivu kama 110. Ukiwa huna, utakuwa unafuata spea kwa basi.

Mimi nina HZJ75 ya 1996, ilikuwa ya mradi wa maji. Nimeipeleka hadi Matamba kwa ile barabara ya Chimala inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, na niliporudi sikukumbuka chochote kuhusu kupanda. Nyuma ya kiti kuna vigingi viwili vya mkaratusi, vimechongwa pembetatu, kila kimoja kimefungwa kamba ya katani ya kukivutia ukishaondoka. Utingo wangu hukiweka cha kwanza kabla hajafunga mlango, hata tukiwa tambarare mbele ya duka la soda.